Kitambaa cha Meza ya Bwana

Kwa miaka ishirini na sita mke wangu alikifua na kukipiga pasi kitambaa cheupe cha meza ya Bwana. Hakuna aliyemchagua. Siku moja kilimwagikiwa na divai, akakichukua nyumbani, akakirudisha kimetakata, basi kazi ikawa yake.

Mwaka huu alianza kusahau. Kwanza funguo, halafu jina la mjukuu. Asubuhi moja jikoni alinishika mkono.

"Msomi," aliniambia. Ndivyo alivyonitania tangu nilipoanza shule ya jioni nikiwa fundi cherehani mwenye watoto wanne. "Kichwa changu kinavuja. Usimwambie mtu."

Nilikaa nalo majuma matatu, likanizidi. Nikaenda ofisini kwa mchungaji. Alifunga mlango, akavuta kiti, akaketi upande wangu wa meza. Nikamweleza yote.

"Naomba liishie hapa," nilisema.

"Mzee wangu, limeishia hapa." Akanigusa bega. Nilitoka mwepesi kama niliyetua gunia.

Alhamisi tulikwenda kwenye maombi. Kwetu, mchungaji huandika mahitaji kwenye vikaratasi, na kila mwombaji huchukua kimoja kikapuni na kukiombea kwa sauti. Mwenyekiti wa akina mama alifungua chake, akafumba macho.

"Baba, mkumbuke dada yetu anayetutunzia kitambaa cha meza. Akili zinamtoka, Baba. Mtie nguvu mumewe."

"Amina!" waliitikia wote.

Nilifumbua macho. Mke wangu, kando yangu, alikuwa anatazama viganja vyake.

Baada ya ibada nilimfuata mchungaji mlangoni.

"Jina sikuandika, mzee," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Kitambaa kinafuliwa na wangapi?"

"Tulikuwa tunamwombea tu. Kumwombea mtu nako ni kosa?"

Mimi niliyesoma somo la Jumapili mbele ya watu miaka yote hiyo niligeuka, nikaenda kumchukua mke wangu.

Jumamosi mchana mwenyekiti alipiga hodi.

"Shemeji, hujambo? Nimekuja kuchukua kitambaa, dada yangu apumzike."

"Nimekuambia lini kwamba nimechoka?" mke wangu aliuliza kutoka kwenye meza ya pasi.

"Ah, umri huo, jamani! Hata mimi magoti yananisumbua."

"Basi kayapumzishe hayo magoti."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alimaliza upindo wa mwisho, akakikunja kitambaa mara nne, pembe juu ya pembe, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili. Hakuwa amekosea hata mkunjo mmoja.

Mlango ulipofungwa, hasira zilinipanda.

"Mchungaji yule amenisaliti! Kesho sisomi somo lake. Nitasimama niwaambie watu wote alichonifanyia."

Mke wangu alichomoa waya wa pasi, akauzungusha taratibu.

"Mchungaji mimi sikumwambia kitu," alisema. "Nilikuambia wewe."

Kesho yake nilibaki kitini, somo akasoma mtu mwingine, na sikumwambia mtu neno. Niwaambie nini?

Sasa jina la mjukuu limempotea kabisa. Mimi bado ananijua. Lakini tangu Jumamosi ile hajaniita Msomi. Ananiita mzee, kama wanavyoniita kanisani.