Maneno Chini ya Kidevu

Misiba ndiyo inayotulisha mimi na mume wangu, na sioni haya kuisema. Watu wa harusi hubadilisha mawazo kila wakipiga chafya. Watu wa msiba hawana ubishi: wanaleta picha, wanashika tama, wanaondoka.

Kazi yetu ni kuchoma sura za watu kwenye lebo za ngozi za kofia. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi pia nikiwa sijakasirika, anaisafisha picha kwenye kompyuta kisha anaituma kwenye mashine ya leza, na ule mwale unaiunguza ngozi mpaka sura itokee. Mimi nasugua masizi kwa mswaki, halafu naibandika ile lebo kwenye paji la kofia kwa pasi ya moto. Chumba chetu kina dirisha moja, na bomba la moshi limepita hapo hapo, kwa hiyo mchana kutwa tunawasha taa. Ngozi ikiungua inanuka nywele. Sisi tumeshazoea, ila watoto wetu bado wanaziba pua tukirudi nyumbani.

Mama Kinyozi alikuja na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi bila kuambiwa, akatoa picha kwenye mkoba. Kijana anacheka, kitana kimechomekwa nyuma ya sikio, shati lina kola ya mistari.

"Huyu kitindamimba wangu," akasema. "Ni kinyozi. Alifungua kibanda asubuhi, akaanika taulo zake, akamwambia jirani natoka mara moja. Hajarudi."

Nikauliza lini. Kumbe ni tangu mvua zilipoanza, na siku hiyo alipokuja kwetu vumbi lilikuwa limesharudi barabarani.

"Nataka kofia za ndugu wote," akaendelea. "Tutazunguka masoko na stendi zote, mpaka mji wa pili. Karatasi nimebandika ukutani zikanyeshewa, na hakuna aliyesoma. Lakini mtu ukizungumza naye anakutazama usoni. Kofia ataiona, apende asipende. Juu ya sura andikeni 'Umemwona?' Basi, msiongeze kitu."

"Alikuwa kijana mwenye adabu sana," akasema yule shemeji, kwa sauti ya msibani.

Mama Kinyozi akamgeukia. "Alikuwa? Kwani sasa hana adabu?"

Shemeji akanywea, akaanza kukagua viatu vyake. Mama akanisogelea. "Umemsikia? Nyumba nzima wameshamzika midomoni. Wananingoja mimi tu nikubali, wakae chini walie, yaishe. Sikubali, ng'o! Siku nikikubali mimi, nani atabaki wa kumtafuta?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami ni mzazi. Nikamwahidi kwamba siku ya safari yao kofia zitakuwa tayari asubuhi.

Sasa, kabla ya kuchoma, ngozi huwa tunaifunika kwa selotepu ya karatasi ili moshi usiichafue. Mashine ikimaliza, ile karatasi imeungua na kupakaa masizi, huoni kitu mpaka uibandue. Asubuhi ya safari Fundi alikuwa amemaliza kuchoma zote, anakunywa chai kwa raha zake. Nikachukua ya kwanza, nikabandua. Juu: UMEMWONA? Katikati yule kijana na kicheko chake. Nikabandua kipande cha mwisho, chini ya kidevu, na roho ikanipaa.

TUTAKUKUMBUKA DAIMA.

Nikabandua ya pili. Nikabandua ya tatu. Zote hivyo hivyo.

"Wewe mwanaume!" nikapiga kelele mpaka chai ikamwagika. "Umefanya nini? Umemuua mtoto wa watu!"

Fundi akaja mbio, akatazama, akashika kichwa. Kumbe kwenye kompyuta alikuwa amefungua fremu yetu ya siku zote, fremu ya misiba, akabadilisha picha na maneno ya juu. Ya chini hakuyagusa. Miaka yote sura tulizoletewa zilikuwa karibu zote za marehemu, na mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye njia uliyoizoea.

"Tuchome upya," akasema.

"Kwa ngozi ipi? Ya mgongo wako?" Ngozi ilikuwa imekwisha, na muuza ngozi hafungui mapema.

"Basi tuyafunike maneno kwa mstari mweusi."

"Mstari mweusi chini ya picha ya mtu! Loh! Hebu kaa kimya nifikiri, maana wewe ukifikiri tunaumia."

Dawa ilikuwa moja tu: kuzirudisha kwenye mashine moja moja na kukata chini ya kidevu, maneno yaanguke. Kuzipanga ni kwa jicho. Ukikosea kidogo unamkata kidevu. Fundi alikuwa anapanga, mimi nashikilia, mwale unapita. Vipande vyenye maneno nikavikusanya kwenye bakuli la plastiki. Nisiwe mnafiki: nilipokuwa navitupa mle, moyoni nilijua kwamba hata mimi yule kijana nilikuwa nimeshamzika. Fundi alikosea mkono tu. Mimi nilimzika siku ile ile picha ilipotoka kwenye mkoba, na hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Nilikuwa nabandika lebo ya mwisho kwa pasi Mama Kinyozi alipoingia, kajifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. Nje gari la ndugu zake lilikuwa linanguruma. Akachukua kofia, akaigusa ile sura kwa kidole gumba, mashavu, kisha kitana nyuma ya sikio. Akainusa.

"Inanuka kibanda chake," akasema, na mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Akaivaa.

Akaanza kuzipanga kofia kwenye mfuko. Meza yetu ni ndogo. Akasogeza bakuli apate nafasi, na mkono wake ukasimama pale pale. Akaokota kipande. Akasoma.

"Hiyo ya kazi nyingine, mama," nikasema haraka. "Ya watu wengine."

Yeye alikuwa anatazama ukingo wa juu wa kile kipande, tulipopitisha mwale. Pale palikuwa pamebaki ncha ya kola, yenye mistari.

"Hii kola niliishona mimi," akasema.

Fundi akainuka, mikono nyuma. "Mama, ni kosa langu. Fremu ya mazoea. Wallahi sikukusudia."

Nilingoja matusi. Ningekuwa mimi ningeipindua ile meza, na mashine juu yake. Yeye alikigeuza tu kile kipande kiganjani. Nje shemeji yake akapiga honi, kisha akapiga tena. Nikataka kumshika mkono, nikaogopa.

"Mmekata vizuri," akasema mwishowe. "Wale walioko garini hawatajua."

Akafungua pindo la kanga, akakiweka kile kipande, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Mama, kiache, nitakitupa," nikamsihi.

"Acha niende nacho, mwanangu. Siku nikikihitaji, sitaki kurudi hapa kuagiza."

Akabeba mfuko wake. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, machozi yananitoka na wala sikuyafuta. Kabla hajafika kwenye gari alipita muuza maji na mkokoteni wake, Mama Kinyozi akamsimamisha.

"Samahani, baba," akasema, akanyoosha kidole kwenye paji lake. "Umemwona huyu?"

Yule bwana akaitazama kofia, akamtazama yeye, akatikisa kichwa. Mama Kinyozi akamshukuru, akapanda gari. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika lile fundo.