Grisi Juu ya Grisi

Jumamosi asubuhi Neville aliitoa boti gatini na boti ikakataa kukata kona. Aliuvuta usukani kwa mikono miwili, akauegemea kwa tumbo, na boti ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya jirani, ikaigonga taratibu kama mtu anayebisha hodi. Mkewe, Glenys, alikuwa amekaa kando yake na keki ya matunda mapajani. Neville akaivuta boti kwa kamba mpaka mahali pake, na Glenys akaishika keki vizuri asiiangushe.

"Usukani umekuwa mgumu kidogo," Neville alisema.

"Kidogo," Glenys alisema.

Walikuwa wanakwenda ng'ambo ya ghuba, kwa Merle, dada yake Glenys. Nyumba ya Merle ilionekana vizuri kutoka dirisha la jikoni kwa Glenys: bati jekundu chini ya mikaratusi, moshi asubuhi, taa jioni. Barabara haikufika huko. Glenys alikuwa ameitazama nyumba hiyo tangu Merle aolewe, na hakuwahi kuingia ndani hata mara moja. Kila walipopanga kwenda palikuwa na upepo, au palikuwa na kriketi, au samaki walikuwa wanakula vizuri upande mwingine. Ndugu hao walionana dukani, siku Merle alipopata nafasi katika boti ya watu, wakazungumza wamesimama karibu na friji ya maziwa. Sasa nyonga ya Merle ilikuwa imeharibika. Nyumba ilikwisha kuuzwa, na Jumatano binti yake angekuja kumchukua wakaishi wote Perth, upande wa pili wa nchi.

"Si umeona mwenyewe," Neville alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepumzika. "Mimi nilitaka kukupeleka."

Glenys alikuwa mtu wa sala. Miaka yote alimwomba Mungu subira, na Mungu alimpa nyingi kupita haja yake. Safari hii hakuomba. Aliingia ndani akampigia simu Athol.

Athol alikuwa fundi wa boti aliyestaafu, na alikuja na spana zake ndani ya kopo la biskuti. Hakugusa kitu kwanza. Alitaka kumjua mgonjwa ni nani. Akafungua nati inayoiunganisha mashine ya nyuma ya boti na fimbo ya usukani, akaisukuma mashine kwa mkono mmoja, kulia, kushoto. Ikaenda kama mlango wa kanisa siku ya harusi.

"Mashine ni nzima," alisema. "Bi Glenys, hebu zungusha usukani."

Glenys akajaribu. Usukani haukutingishika.

"Basi ugonjwa uko katikati." Akainama kutazama mrija ambamo fimbo ile hupita. Mdomo wa mrija ulikuwa umezibwa na grisi iliyoganda kama nta, tabaka juu ya tabaka, kila moja na rangi yake. "Neville, hii grisi unaipaka lini?"

"Kila mwaka, kabla ya msimu wa joto. Kwa grisi huwezi kunilaumu, mzee."

"Na ile ya zamani unaitoa?"

"Niitoe ya nini? Naongeza nyingine juu."

"Unapaka siagi mpya juu ya mkate wa mwaka juzi," Athol alisema, "halafu unalalamika meno."

Akapuliza mafuta ya kulegeza kutu, wakanywa chai yakiingia. Kisha akaweka kipande cha mbao kwenye ncha ya fimbo na kukigonga kwa nyundo. Fimbo ikasogea upana wa kidole. Bonge gumu la rangi ya kahawia likadondoka sakafuni mwa boti, likasema kwa sauti ya Neville:

"Krismasi hii lazima tukale kwa Merle."

Athol akaliokota, akalifuta kwa kitambaa.

"La zamani hili," alisema. "Sauti bado ya kijana."

Glenys akaenda kuleta chupa tupu ya jemu.

"Vizuri," Athol alimwambia. "Mabonge haya usiyatupe majini. Samaki watakaa wanasubiri."

Akaendelea kugonga. Likatoka lililosema upepo ukitulia tu. Likatoka lililosema kriketi ikiisha, na jingine lililosema betri mpya ikifika. Neville alisimama gatini akikuna shingo na kuwatazama ndege.

"Usione haya," Athol alimwambia. "Kuna mwaka nilisafisha boti ya mchungaji. Tulijaza ndoo."

Glenys alijifanya hakusikia, ila aliikumbuka ahadi ya paa la kanisa.

Kisha fimbo ikachomoka yote, na pamoja nayo likatoka bonge jeusi lililokuwa limeshika katikati kabisa. "Mazishi ya mume wa Merle yametupita," lilisema, "lakini wiki ijayo tutakwenda kumpa pole."

Athol alilitia chupani mwenyewe.

"Siku ile mawimbi yalikuwa makubwa," Neville alisema.

"Siku ile, ndiyo," Glenys alisema.

Ahadi zilizobaki zilikuwa "wiki ijayo" tupu, ndogo kama punje za pilipili manga, nazo zilitolewa kwa brashi. Athol akaipiga fimbo msasa mpaka ikang'aa, akausafisha mrija, akapaka grisi mpya nyembamba, akafunga kwa nati mpya kwa kuwa ile ya zamani haikazi mara ya pili. Glenys akauzungusha usukani kwa kidole kimoja.

"Ukimaliza safari," Athol alimwambia yeye, si Neville, "geuza mashine mpaka fimbo iingie yote ndani ya mrija. Isilale nje ikila chumvi."

Jumapili baada ya ibada, maji yalikuwa yametulia kama maziwa kwenye bakuli. Neville alisimama gatini akiyatazama.

"Maji mazuri," alisema.

"Mazuri sana."

"Ila leo klabu wana mashindano ya kuvua, na nilishawaambia nitakuwepo. Jumatano si bado, bibie? Nitakupeleka kesho. Ikichelewa sana, Jumanne."

Usukani, usioguswa na mtu, ulilia kidogo.

Glenys akachukua ufunguo, keki na chupa ya jemu, akashuka botini.

"Kwani wewe unajua kuendesha?"

"Miaka yote nimekaa kando yako natazama. Kulikuwa na kingine cha kutazama?"

Neville akamfungulia kamba, maana hakuwa mtu mbaya. Glenys akaenda polepole, kama sheria inavyomtaka asiye na leseni. Ndege mwari mmoja alimpita kwa kuogelea.

Nyumba ya Merle ilikuwa imefungwa ndani ya maboksi, zimebaki meza, viti na jiko la kuni. Glenys alipita chumba kwa chumba. Katika dirisha la jikoni alisimama. Ng'ambo ya maji lilikuwa dirisha lake mwenyewe.

"Kumbe naonekana."

"Kila jioni," Merle alisema. "Taa yako ikichelewa kuzimwa, najua Neville hajarudi."

Glenys akaiweka chupa mezani. Jikoni palikuwa na joto, grisi ikalainika, ikaanza kusema. Krismasi hii lazima tukale kwa Merle.

Merle akaongeza kikombe cha tatu.

"Karibu, shemeji," akaiambia chupa. "Kata keki."

Wiki ijayo, chupa ilisema.

"Wiki ijayo utanikuta Perth." Akacheka mpaka akaishika nyonga.

Lile jeusi liliposema, hakucheka. Alilisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalitoa kwa kijiko, akalifunga kwenye karatasi laini, akalitia ndani ya mkoba wake wa safari.

"Hili nitakwenda nalo," alisema. "Ndiyo pole niliyopata."

Yaliyobaki waliyatia ndani ya jiko la kuni. Yaliwaka vizuri, wakachemshia birika la pili.

Jua lilikuwa bado juu Glenys aliporudi. Neville alikuwa gatini, hana samaki. Akaidaka kamba.

"Keki imebaki?"

"Haikubaki."

"Merle hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu. Amekuwekea kikombe."

Neville akatikisa kichwa, na macho yake yalilowa kweli. "Maskini. Basi mwakani tutakwenda Perth, mimi na wewe. Lazima."

Glenys alikuwa bado ameushika usukani kwa vidole viwili, akiigeuza mashine ili fimbo iingie ndani. Akausikia ukikaza, kidogo tu, kama mtu anayejizuia asicheke ibadani. Akauzungusha kwa mkono mzima mpaka ukafika mwisho.

Kisha akaenda jikoni, akaiosha ile chupa ya jemu, akaikausha, akairudisha rafuni na kuuacha mfuniko kando.