Hatukuletewa

Amedeus alifika asubuhi, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa jiko, akapiga hodi kwa sauti ya mtu aliyekuja kuazima jembe. Paulina alikuwa uani akipepeta mchele. Alijua hakuja kuazima jembe, maana alikuwa amechomekea shati.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Yupo. Amekunywa uji."

Amedeus alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya Kikristo pale Idete, na pia balozi wa shina wa chama cha siasa. Siku nyingine ilikuwa vigumu kujua amekuja kwa cheo kipi. Asubuhi ile alikuja kwa vyote viwili.

"Jumamosi tunasali hapa kwako," alisema. "Mheshimiwa Gosbert atapita kutusalimia. Tutampa nafasi baada ya Injili, aseme mawili matatu."

Gosbert alikuwa diwani, na mwaka huo alikuwa anaomba arudishwe.

"Kusali, karibu. Kampeni akafanyie uwanjani."

"Nani kasema kampeni? Ni salamu."

"Salamu ni shikamoo na marahaba, kaka. Tumeshamaliza."

Amedeus alicheka kidogo, kisha akaacha. Akatupa jicho kwenye dirisha la chumba alimolala Bibi Leticia, mama yake Paulina, ambaye miguu ilikuwa imekataa tangu masika ya mwaka uliopita.

"Mama Takwimu," alisema taratibu, "wewe umesoma. Paroko hamjui kila mtu. Kukitokea msiba ananiuliza mimi: marehemu alikuwa anasali jumuiya? Na mama haonekani siku nyingi. Mimi namtetea. Lakini kumtetea nako kunataka ushirikiano."

Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Hilo jina la Mama Takwimu walimpa aliporudi kijijini kulima mpunga, baada ya kustaafu kazi ya kupanga takwimu za malaria kule Ifakara. Walimtania nalo, naye hakuona aibu. Kazi ile ilikuwa imemzoesha kitu kimoja: ukiambiwa jambo limetokea, uliza limetokea wapi, na nani ameliona.

Kwa sababu hiyo hakuwa na hakika na mengi yanayosemwa kanisani, wala hakulificha hilo. Jumuiya alihudhuria kwa sababu aliyoiona kwa macho. Mtu akizidiwa, wanaofika na machela ni watu wa jumuiya. Malaika hajawahi kuonekana, na serikali huja kesho yake kutoa pole. Dini ya namna hiyo ilimtosha. Kilichomkera ni maneno. Mtoto akifa kwa kukosa dawa, wanasema Mungu amempenda zaidi. Kisima kikichimbwa, wanasema tumeletewa. Kote kuwili huoni mtu wa kumuuliza swali. Neno la pili ndilo alilichukia hasa. Tumeletewa madawati, tumeletewa umeme, kana kwamba bonde zima la Kilombero limekaa kwenye mkeka, mikono wazi, likingoja mgeni. Na mpunga je, nao tuliletewa?

Lakini mama yake hakuwa na habari na sarufi. Bibi Leticia alitaka jambo moja tu katika siku zake zilizobaki: azikwe na Kanisa, padre awepo, jumuiya iimbe. Alikuwa ameona waliofukiwa bila sala, ndugu wakiangalia chini kwa aibu. "Nisifukiwe kama mbwa," alisema kila alipopandwa na homa. Paulina alimwahidi. Na ahadi hiyo ndiyo Amedeus alikuwa ameikanyaga kwa kiatu chake uani pale.

Jumamosi walikuja. Gosbert naye alikuja, nyuma yake bodaboda imebeba kreti za soda. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye mkeka. Pazia la chumba cha Bibi liliachwa wazi kidogo ili asikie.

Walisali kama walivyozoea. Injili ilisomwa, siku hiyo ikihusu mjane aliyemsumbua hakimu mpaka akapewa haki yake. Wakakaa kimya. Kisha kila mmoja akataja neno lililomgusa, mara tatu, na akitaka akaeleza kidogo. Kanuni ni moja: neno la mwenzako halijibiwi. Hakuna kubishana, hakuna kusahihishana.

"Mjane, mjane, mjane," alisema Aurelia, jirani wa Paulina, ambaye alikuwa mjane.

Ikafika zamu ya Gosbert. "Haki, haki, haki," alisema, akasimama, ingawa hakuna aliyekuwa amesimama. "Na haki ni maendeleo, ndugu zangu. Kata hii tumeletewa umeme. Tumeletewa zahanati. Tumeletewa..." Aliendelea mpaka mtoto mmoja akalala. Amedeus aliitikia kwa kichwa.

Paulina alimtazama diwani, akaelewa kwa nini alitaka nafasi ile na si nyingine. Uwanjani watu huuliza. Hapa alikuwa amepata mahali ambapo kumjibu ni kukosa adabu mbele ya Mungu.

Zamu yake ilipofika hakusimama.

"Neno lililonigusa ni hatukuletewa."

"Hilo halimo kwenye Injili," alisema Amedeus.

"Na umeme haumo, kaka. Tena neno la mwenzako halijibiwi."

Aurelia alijificha uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Hatukuletewa," Paulina alirudia, kwa sauti ileile. "Matofali ya zahanati tulifyatua wenyewe na kuchoma wenyewe. Bati na saruji zilitoka serikalini, nayo ilitoa kwenye kodi zetu. Hatukuletewa. Nesi hayupo, kitanda cha kuzalia hakipo, na ndiyo maana mjukuu wa mwenyekiti wetu alizaliwa kando ya barabara ya Ifakara, kwenye kanga ya Aurelia."

Gosbert akafungua mdomo.

"Mheshimiwa, halijibiwi," Aurelia alimkumbusha kwa upole mwingi.

Watu waliangua kicheko. Amedeus peke yake hakucheka. Alisimama. "Sawa. Mimi nimeshamaliza. Mama yako utamzika mwenyewe, Paulina. Wewe na takwimu zako."

Kicheko kikakatika. Alitoka na Gosbert, kreti zikarudishwa kwenye bodaboda, na baadhi ya watu wakaondoka bila kuaga, wakiangalia miguu yao. Waliobaki walimalizia sala, Aurelia akiongoza. Kisha nao wakatawanyika, akabaki Aurelia peke yake.

Paulina aliingia chumbani. Bibi Leticia alikuwa macho, mashavu yamelowa.

"Umeniponza," alisema.

Paulina alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na ushahidi wowote wa kumfariji nao, na kusema uongo hakutaka. "Nilisema kweli, mama."

"Ulisema nusu. Maji je? Ya kufyatulia hayo matofali yalitoka wapi? Mimi na wenzangu tuliyabeba kutoka mtoni mpaka utosi ukachubuka. Umetaja bati za serikali, maji yetu hukuyataja."

"Nilisahau."

"Alaa! Mama Takwimu mzima!" Bibi alijipangusa kwa kiganja. Akatazama dari. "Jumamosi ijayo wanasali kwa nani?"

Aurelia alijibu kutoka mlangoni. "Kwa Amedeus mwenyewe."

"Tafuteni bajaji."

"Mama, barabara ina mashimo. Utaumia."

"Nitaumia nikiwa nimekaa jumuiya. Aseme mbele yangu kwamba sionekani. Na maji nitayasema mwenyewe, wewe huwezi kuaminika." Akanyoosha kidole kwenye sanduku. "Aurelia, nitolee blauzi ile nyeupe."

Ilimpwaya. Aurelia alipiga magoti akaibana pembeni kwa pini, Paulina amemshika mama yake mabega ili akae wima.

"Bana tena hapo," aliagiza Bibi. "Na huyo wa bajaji mwambieni mapema, asije kunifungulia muziki."