Kimo cha Mto wa Zamani

Kila asubuhi, kabla ya chai, Syokau aliinua chungu alichokuwa amekifudikiza juu ya kichuguu, kando ya mto mkavu karibu na Ikutha. Ndani mlikuwa na mabua na kinyesi cha ng'ombe, vyote vimeloweshwa, na mchwa walikuwa wamejaa tele. Marehemu mama yake alitega hivyo hivyo kwa ajili ya vifaranga. Syokau alitega kwa ajili ya samaki wake wa kufuga. Bei ya chakula cha dukani ilikuwa imemshinda. Aliwakausha mchwa, akawaponda, akawachanganya na makapi ya ndengu, na tilapia wakanenepa kidimbwini.

Mchwa wa kichuguu kile walichimba chini sana, hadi kwenye unyevu ambao mto wenyewe ulikuwa umeusahau. Pengine sababu ni hiyo. Alasiri moja tilapia waliinuka kutoka kidimbwini, wakavuka ukingo, wakaogelea hewani kufuata mkondo wa mto ule mkavu. Jua lilipopungua ukali walirudi, wakala.

Majirani walisema samaki wa Syokau wamezoea kutembea. Wanawake waliochota maji kwenye visima vya mchangani walitazama juu, wakaendelea kuchota.

Kilichomsumbua Syokau ni kimo. Samaki walipita juu ya vichwa vya watu, juu kidogo hata ya malori ya mchanga. Alikumbuka mvua za Aprili, yeye ameshika ncha ya leso ya mwaitu, mama yake, maji yakiwafika magotini, harufu ya mchanga mbichi imetanda hadi kanisani. Samaki hawakuwa wamepanda. Ardhi ndiyo iliyoshuka, lori baada ya lori.

Kaka yake, Mulinge, ndiye aliyeyaonyesha malori mahali pa kupakia. Jumatatu yangefika penye kichuguu. Syokau alimwita ukingoni saa ya samaki kupita.

"Tazama pale wanapopita," alisema. "Pale ndipo mwaitu alikuwa anatuogesha."

Mulinge alitazama kwa muda mrefu. "Pale kabisa. Na wewe ulikuwa unanimwagia maji kwa macho."

"Ulikuwa mchafu."

"Leo nikitaka kuoga pale nitahitaji ngazi." Alicheka.

"Basi niachie kichuguu, Mulinge."

"Dada, chini ya hiyo kichuguu ndiko kuna mchanga safi. Wewe lisha hizo samaki funza. Nasikia kule Makueni watu wanafuga funza wa nzi, na samaki inanona."

"Funza hao hawajawahi kuonja huu mto."

 Mulinge alivua kofia samaki wa mwisho alipopita, kama mtu anavyofanya jeneza likipita, akaenda zake.

Jumatatu kichuguu kilivunjwa. Mulinge mwenyewe alimletea dada yake chungu, amekipangusa vizuri. Syokau alianza kufuga funza kwenye ndoo ya maganda ya maembe. Tilapia walikonda kidogo, lakini njia walikuwa wameshaijua, na kila alasiri waliifuata.

Wapakiaji waliosimama juu ya shehena walilalamika kwamba samaki wanawapiga usoni. Mulinge aliwaagiza wawe wakiinama. Basi samaki walipofika, wapakiaji waliinama kwa heshima, sepetu zikiwa kifuani, hadi wa mwisho akapita. Kisha wakanyooka, wakaendelea kuchimba.