Picha Arobaini za Yeyo

Lerionka alikuwa amewapiga picha maharusi wengi wa Kijenge, lakini mama yake mzazi, Naserian, ambaye wanawe walimwita yeyo, hakuwa na picha hata moja ya maana. Miaka yote alikataa. Jumapili moja, baada ya ibada, akakubali mwenyewe.

"Nipige leo, ningali na nguvu za kukaa."

Walikuwa nyumbani, Oldonyo Sambu. Lerionka akamketisha sebuleni. Ukutani nyuma yake ilining'inia picha kubwa ya Lomayani, kaka mkubwa wa Lerionka, aliyefariki kwa ajali. Kamera ilikuwa mpya. Yenyewe ilitafuta jicho la mtu, ikaliwekea kiboksi cha kijani, na fokasi, ule ukali wa picha, ikaganda hapo. Lerionka aliiamini kuliko macho yake. Akapiga arobaini.

"Nimeonekana vizuri?"

"Vizuri sana, yeyo."

Jumatatu, studioni kwake Kijenge, akazifungua kwenye kompyuta. Ya kwanza ilikuwa na ukungu. Ya pili pia. Trakoma ilikuwa imeyala macho ya mama, kope zimesinyaa, mboni zimepauka. Kamera haikuyatambua kuwa ni macho. Ilikuwa imeyashika ya Lomayani, kule ukutani. Katika picha zote arobaini, marehemu alionekana mpaka unywele mmoja mmoja wa nyusi. Mama alikuwa kivuli.

Kiboksi kilikuwa kimewaka mbele ya Lerionka muda wote. Hakuangalia kimekaa wapi.

Akampigia mama simu, akamwambia atarudi Jumamosi kumpiga upya. Alhamisi alfajiri dada yake, Resiato, akampigia akilia. "Yeyo ametutoka."

Siku ile nzima Lerionka alihangaika na programu ya kusafisha picha. Ikamtolea mwanamke mwenye macho maangavu na ngozi laini. Akamwonyesha Resiato.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeyo."

"Mimi simjui. Usiwaonyeshe watu."

Mazishini, mbele ya jeneza, waliweka picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso umevurugika. Mchungaji, aliyejua kuwa Lerionka ni mpiga picha, akamnong'oneza, "Hukuwa na nyingine, mwanangu?"

"Sikuwa nayo, mchungaji."

Lerionka akachukua koleo, akafukia kaburi pamoja na wenzake. Wenzake walipomaliza, yeye aliendelea kukwangua ardhi kavu, mpaka Resiato akaja kumnyang'anya koleo.