Kapteni na Koplo wa Ikoni

Mwaka 1978, mamluki wa kizungu walipotua visiwani kwetu na kulishika jeshi, Moindjié wa Ikoni alikuwa luteni. Wakampandisha cheo kuwa kapteni, wakampeleka Mutsamudu, kisiwa kingine, kwenye kituo cha mlimani kule Patsy. Akikohoa tu, kikosi kizima kilisimama wima. Aliyesimama wima kuliko wote alikuwa koplo wake Salimou, naye pia wa Ikoni.

Lakini wapate likizo tu, warudi kwao, mambo yaligeuka juu chini. Salimou alikwisha kufunga ndoa kuu, ile anda ya ng'ombe, dhahabu na mji mzima kulishwa, kwa hiyo alihesabiwa mtu mzima, akaketi bangweni, uwanja wa mji, na kukata mashauri. Kapteni alikuwa amemwoa Ramlati wake kwa ndoa ndogo tu. Basi mvi zake kichwani, akapangwa na vijana kupitisha sinia na maji ya kunawa. Koplo ananyoosha mikono, kapteni anammwagia maji. Likizo ikiisha, Salimou anapiga saluti kama kwamba hakuna lililotokea.

Iliuma, msifikiri haikuuma. Mtu mwenye bastola kiunoni hakuwa na ruhusa ya kutamka neno katika mji wake mwenyewe. Na kila alipopanga anda, wazungu wale walimnyima likizo ndefu ya kutosha sherehe.

Mamluki walipoondoka, naye akavua magwanda, akafanya biashara ya vanila kwa bidii ya mtu aliyechelewa. Siku ya anda ikafika. Teksi za Moroni zilimwaga wageni Ikoni tangu asubuhi. Ramlati, mama wa watoto wanne, akapambwa upya kama mwari, akacheka mpaka wanja ukachuruzika.

Ijumaa iliyofuata Moindjié alisimama bangweni kwa mara ya kwanza. Shauri lilikuwa birika la kutawadhia la msikiti, litengenezwe sasa au baada ya mvua. Alisema litengenezwe sasa, akatoa sababu zake, akaketi. Akaogopa kwamba bado wanamwona yule wa sinia.

Salimou akainuka, akaliweka joho lake sawa.

“Moindjié amekosea,” alisema, “na nitawaeleza kwa nini.”

Akampinga neno kwa neno, kwa kirefu, mbele ya mji mzima. Moindjié alisikiliza huku machozi ya furaha yakimlowesha ndevu. Kwa miaka yote ile hakuna mtu, kambini wala mjini, aliyewahi kubishana naye. Akangoja mwenzake amalize, kisha akasimama kumjibu.