Ubavu wa Fundi Dari

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa karibu limesahaulika. Mtaa mzima ulimwita Fundi Dari, kwa kuwa alikuwa fundi rangi aliyependa kazi ambayo wenzake waliikimbia. Wao walilalamikia shingo. Yeye alipanda ngazi, akatupa kichwa nyuma, brashi juu, na siku ikakatika hajaguna hata mara moja.

Ufundi aliupata kwa dada yake mkubwa. Baba yao alipofariki, dada ndiye aliyerithi makopo na brashi, akamwita mdogo wake, wakati huo kijana wa miaka ishirini asiye na mbele wala nyuma, wakawa wanafanya kazi pamoja. Dada alikoroga rangi chini, akipiga soga lisilokwisha; yeye alikuwa juu, matone yakimdondokea usoni mpaka jioni anashuka na madoadoa kama kanga. Walifanya hivyo miaka tisa, hadi magoti ya dada yalipokataa.

Akiwa na miaka thelathini na minane, katikati ya kupaka dari ya ukumbi wa shule, mkono wa kulia ukawa mzito ghafla. Kufika adhuhuri ulikuwa umevimba, umeiva rangi ya zambarau, na mishipa imejichora begani mpaka kifuani.

"Umeulalia," mkewe alisema.

"Nimeulalia juu ya ngazi?"

Zahanati walimwambia ni msuli, wakampa dawa ya kuchua. Alichua siku tatu, uvimbe ukazidi, mkewe akasema hapana, twende hospitali kubwa. Huko walimpiga picha za mishipa, wakampeleka kwa daktari wa upasuaji, mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, aliyemgusa chini ya mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, kwa vidole viwili.

"Mshipa unaorudisha damu kutoka mkononi unapita hapa, kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza," alisema. "Kwako wewe nafasi ni finyu. Kila ukiinua mkono, mifupa inaubana. Umeubana miaka kumi na minane, fundi. Sasa umechubuka ndani, na damu imeganda."

"Mbona wenzangu hawana?"

"Ni nadra. Miaka yangu yote hapa nimepasua tisa tu. Bonge la damu tutaliyeyusha kwa dawa, lakini tukiuacha ubavu, litarudi. Inabidi tuutoe, na mshipa tuuondolee makovu yanayoukaba."

Fundi Dari akakuna kichwa. "Adamu alitolewa ubavu akapewa mke. Mimi mke ninaye. Nitapewa nini?"

"Mkono wako," daktari alijibu, akacheka.

Siku moja kabla ya upasuaji, dada alikuja wodini akichechemea, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mara wote wawili wakajikuta wanatazama juu.

"Aliyepaka hapa alikuwa na haraka," dada alisema.

"Kona zote karuka. Na hakupiga msasa."

"Unakumbuka ile nyumba ya yule mwalimu? Ulipoteleza, kopo zima likanimwagikia?"

"Ulikwenda nyumbani mweupe kama mzimu. Mama akakufungia mlango!"

Walicheka hadi muuguzi akawatazama. Kisha dada akaanza kuvuta uzi wa shuka.

"Mimi ndiye niliyekupandisha huko juu," alisema. "Siku ile ya kwanza nilikwambia una mkono wa dari, mkono wa baba. Nilikulaghai, mdogo wangu. Nilikuwa naogopa ngazi, basi. Ningekupa milango, leo usingekuwa hapa."

Sifa ile Fundi Dari alikuwa ameitembelea miaka yote kama mtu anavyotembelea viatu vipya.

"Kwa hiyo sikuwa na mkono wowote?"

"Siku ya kwanza, hapana. Ulipaka vibaya, nikarudia pembeni kwa brashi ya mpini mrefu ulipokwenda kula." Akamtazama. "Lakini ukaamini. Mwaka wa pili mimi mwenyewe nilikuwa nikisimama chini naona wivu."

Akamshika dada mkono kwa ule wake wa kushoto. "Basi nilaghai tena. Niambie kesho nitaamka."

"Utaamka," dada alisema.

Aliamka. Upasuaji ulichukua saa nne. Bega lilimwaka moto, lakini vidole vilikuwa vimerudia rangi yake, na mkewe alivishika kimoja kimoja kana kwamba anahakikisha vimetimia. Alimeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa. Picha za mwisho zilionyesha damu inapita bila kizuizi.

Daktari alimruhusu kurudi kazini, ila akamwonya kuhusu kufanya kazi huku mikono iko juu siku nzima. Siku hizi anapaka milango, kuta na madirisha, na hana uhaba wa wateja. Dari huwaachia wengine. Akikuta mwenzake yuko juu ya ngazi, kichwa nyuma, matone yakimdondokea, husimama mlangoni kidogo akimtazama, kisha huenda zake kumalizia madirisha.